Baharini Bila Bahari: Nani Alisafisha Nakuru?

Kuna sentensi moja kila mtu aliyekulia Nakuru ameisikia mpaka imemkaa kichwani: hii tao yetu ndiyo safi kuliko zote Afrika Mashariki. Mwalimu anaisema asubuhi kwa gwaride, makanga anaisema akiita abiria, mheshimiwa akitafuta kura anaisema. Na ukienda Nairobi ukae mwezi mmoja na zile jam na makelele, utarudi ukiisema wewe mwenyewe. Nakuru ni pole. Nakuru ina hewa. Nakuru ina jacaranda, na watu wake hawana haraka.

Sina shida na hiyo sifa. Mimi ni mtoto wa hapa, na nikisikia mtu wa nje akiikosoa Nakuru nachemka. Shida yangu ni maswali mawili ambayo hatuyaulizi. Tao ilisafishwa kwa kufanya nini? Na huo utulivu ni utulivu wa nani?

Tangu niache chuo (mwaka wa pili, karo ilikataa, hayo tushaongea) nimekuwa nikisoma historia ya hii tao vile naweza, bila mtihani, bila mtu wa kuniwekea alama. Na kadiri nasoma, naona kitu kimoja kinajirudia kwa zaidi ya miaka 120. Mbinu ya kufanya Nakuru iwe nadhifu ni ile ile kila wakati: kuna watu wanaondolewa mbele ya macho.

Twende pole pole, nitakuonyesha.

Picha ilitoka wapi

Kwanza tutoke nje kidogo tufike Uingereza, kwa sababu waliochora Nakuru walikuja na picha kichwani, na hiyo picha ilitoka kwao.

Kusini mwa Uingereza kuna mji wa pwani unaitwa Eastbourne. Kabla reli ifike mwaka 1849, hapo palikuwa na vijiji vichache na mashamba. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa ya familia mbili za wazito. Mmoja wao, William Cavendish, ambaye baadaye alikuwa Duke wa Devonshire, aliona reli na akaona pesa. Akaweka watu wachore mji mzima: barabara pana, miti, mahoteli meupe yanayoangalia bahari. Na akaweka masharti. Lile linalojulikana zaidi ni kwamba maduka hayakuruhusiwa mbele, upande wa bahari. Mpaka leo ukitembea pale ufukweni, unaona hoteli na nyumba za kifahari, huoni safu ya maduka. Aliyekuja kupunga upepo hakutakiwa kuona mtu akiuza kitu.

Miji ya aina hiyo ilikuwa ya watu wa pensheni, maafisa wa jeshi waliorudi kutoka makoloni, wajane wenye mali, na shule za bweni za watoto wa wakubwa. George Orwell, yule mwandishi, alisoma katika shule moja hapo Eastbourne, St Cyprian's, na alipokuwa mtu mzima aliiandika kwa uchungu. Alikuwa ameona ndani ya nyumba nadhifu jinsi mtoto wa familia isiyo na pesa nyingi anavyokumbushwa nafasi yake.

Sasa chukua hiyo picha. Toa bahari, weka ziwa. Toa mahoteli ya ufukweni, weka klabu. Shule za bweni acha zilivyo: Gilgil kuna Pembroke House tangu 1927, na Turi, karibu na Molo, kuna St Andrew's tangu 1931. Hewa baridi ya asubuhi ipo. Maua yapo. Wazungu waliposhuka kwenye treni hapa bondeni, waliona mahali pa kujenga ile Uingereza ambayo wengi wao hata kule kwao hawangeweza kuilipia.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja Cavendish hakuwa nacho Eastbourne. Hapa ardhi ilikuwa na wenyewe.

Mwaka 1904

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Tarehe 28 Januari 1904 Nakuru ikatangazwa rasmi kuwa mji. Hiyo tarehe tunaipenda, tunaihesabia birthday ya tao.

Lakini mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, serikali ya kikoloni ikaandikisha mkataba na Wamaasai, Olonana akiwa ndiye kiongozi waliyemtambua. Kwa mkataba huo Wamaasai walitolewa sehemu hii ya bonde, ile ardhi nzuri kando ya reli. Wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba huko watakaa muda wote Wamaasai watakapokuwa duniani. Huo muda wote ulikuwa miaka saba. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawatoa Laikipia pia.

Walienda kortini, wasee. Hii watu wengi hawaijui. Mwaka 1913 kulikuwa na kesi, inajulikana kama kesi ya Ole Njogo, Wamaasai wakiishtaki serikali. Walishindwa. Korti ilisema huo ni mkataba kama wa mataifa mawili, kwa hivyo hakimu hawezi kuuingilia. Yaani ukija kushtaki wewe ni taifa la kigeni, lakini siku ya kuhamishwa wewe ni mtu wa kuamrishwa tu.

Hata jina la tao ni lao. Inavyosimuliwa, Nakuru linatokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Waliotupa jina ndio waliokuwa wa kwanza kuondolewa ili mji ukae vizuri.

Upande wa pili wa hiyo hesabu kuna Lord Delamere. Mwaka 1903 alipewa eka 100,000 upande wa Njoro, kwa lisi ya miaka 99. Baadaye akawa na Soysambu, pale Elmenteita. Mwaka 1915 sheria mpya ya ardhi ikaja, na lisi za wakulima Wazungu zikaruhusiwa kufika miaka 999. Hebu piga hesabu. Lisi iliyotolewa mwaka huo ingeisha mwaka 2914. Mtu anayeandika karatasi kama hiyo hana mpango wa kurudi nyumbani.

Juu na chini

Ukitaka kuelewa Nakuru usianze na ramani, anza na mlima. Juu, kwenye mteremko wa Menengai, ndiko Milimani. Huko hewa ni safi, mbu ni wachache, na ukisimama barazani unaliona ziwa lote limelala huko chini kama kioo. Huko ndiko Wazungu walijenga. Katikati ikawa biashara, na Wahindi wakawa na maduka yao. Chini, upande wa ziwa, ndiko Mwafrika aliambiwa alale: Bondeni, na baadaye Kivumbini, Kaloleni, Flamingo, na mitaa mingine ya nyumba za manispaa. Majina yenyewe yanakuambia nani yuko juu na nani yuko chini. Milimani. Bondeni. Hakuna aliyejisumbua kuficha.

Wazungu walifungua klabu yao mwaka 1907, ile sasa tunaiita Rift Valley Sports Club, na uwanja wake wa kriketi bado uko katikati ya tao. Wakulima wakajenga ushirika wao, KFA, makao yake yakiwa hapa. Ndiyo maana tunasema tukutane KFA hata kama hujawahi kununua mbegu maishani mwako. Nakuru ikawa kama mji mkuu wa masetla wa Kenya nzima. Wanakuja kutoka mashambani, wanauza mahindi, wanakunywa, wanacheza, wanalalamika juu ya gavana, wanarudi.

Na huyo aliyefua zile nguo nyeupe za kriketi? Kuanzia 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, karatasi ya alama za vidole iliyotiwa kwenye kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni. Huko mashambani, sheria ya 1918 ilisema mkwata anayeishi kwenye shamba la Mzungu lazima amfanyie kazi siku 180 kwa mwaka. Mwafrika aliyelala Milimani alilala nyuma ya nyumba kubwa, kwenye chumba cha mfanyakazi. Mnajua hivyo vyumba. Ni zile SQ ambazo leo mimi na wewe tunakodisha Milimani na kupost kwamba tumehamia Milimani.

Halafu ikaja Oktoba 1952, hali ya hatari ikatangazwa. Wakikuyu waliokuwa wakwata hapa Bonde la Ufa, watu waliozaliwa kwenye haya mashamba, wakafukuzwa kwa maelfu. Wakapakiwa kwenye malori na treni wakarudishwa "kwao", mahali ambapo wengine hawakuwa wamewahi kukanyaga. Ni operesheni ile ile ya 1904, watu tofauti. Na ng'ombe walikamuliwa kesho yake kama kawaida.

Kasri tunayoipenda sana

Lazima niongee juu ya Kasri la Lord Egerton, kwa sababu nikiliacha mtaniuliza.

Maurice Egerton alianza kulijenga mwaka 1938, na likakamilika 1954, kule Ngata, njia ya Njoro. Kila kontenti krieta wa Nakuru amefanya video yake, mimi nikiwemo, na video zote ni moja: lord aliyejenga kasri kwa sababu ya mwanamke, mwanamke akakataa, lord akachukia wanawake mpaka kaburini. Ni hadithi tamu. Inaleta views, na leo watu wanafanyia harusi hapo, kitu ambacho ukikifikiria kinachekesha.

Lakini hebu tazama hiyo miaka. 1938 mpaka 1954. Kasri lilijengwa katika miaka ambayo mkwata alikuwa anapunguziwa ng'ombe na kuongezewa siku za kazi, na kumalizika wakati watu wanafukuzwa kwa malori. Waliobeba mawe walikuwa na mioyo pia. Hatujui majina yao, na hakuna anayeuliza waliachwa na nani. Tumefundishwa kumhurumia mwenye nyumba.

Nisieleweke vibaya. Egerton aliacha kitu. Mwaka 1939 alitoa ardhi ikaanzishwa shule ya kilimo, na hiyo shule leo ni chuo kikuu. Lakini ilianza kwa ajili ya vijana Wazungu. Mwafrika alingoja miaka mingi.

Siku walipoimba Harambee

Sasa sogea mpaka tarehe 12 Agosti 1963. Uhuru unakuja Desemba. Jomo Kenyatta anakuja Nakuru, anaingia kwenye ukumbi wa mji, na waliokaa mbele yake ni mamia ya masetla. Lord Delamere, mtoto wa yule wa kwanza, yuko hapo.

Hawa ni watu waliomuita Kenyatta kiongozi wa giza. Walishangilia alipofungwa. Sasa wanataka kujua kama atawakata shingo. Kenyatta akawaambia wakae, walime, yaliyopita yasamehewe pande zote mbili. Kikao kikaisha wazee wa kizungu wakipiga kelele za Harambee pamoja naye.

Nimeisoma hiyo siku mara nyingi na inanigonga kila mara. Kwa upande mmoja ni busara kubwa. Nchi jirani tumeona damu. Kwa upande mwingine, hebu ona ni nani aliyepewa kikao. Mwenye shamba alifuatwa mpaka mlangoni akatulizwa moyo. Mkwata aliyefukuzwa 1953, Mmaasai wa Ole Njogo, dobi wa Milimani, hao walisamehe wakiwa hawako ukumbini. Hiyo ndiyo tabia ya Nakuru tuliyorithi: mambo yaishe kistaarabu, sauti isipande, na aliye na nafasi abaki na nafasi yake.

Baada ya hapo nyumba za Milimani zilibadilisha wenyewe. Masharti hayakubadilika sana. Tulipata ufunguo wa geti, na la kwanza tulilofanya ni kulifunga nyuma yetu.

Ziwa lenyewe

Sasa turudi kwa maji, kwa sababu tulianza na mji wa pwani.

Nakuru ina mtaa unaitwa Baharini. Chemchemi za maji matamu zinazoingia ziwani pia zinaitwa Baharini. Mimi nalipenda hilo jina kuliko yote hapa tao. Tuko kilomita mia kadhaa kutoka Bahari ya Hindi, na kuna watu waliotazama haya maji wakasema, basi, hii ndiyo bahari yetu.

Lakini tofauti na Eastbourne, sisi tumeligeuzia ziwa mgongo. Hakuna barabara ya kutembea kando ya maji, hakuna benchi, hakuna muuza mahindi choma akikuangalia ukibembeleza mtu wako jua likizama. Sehemu ya sababu ni ya asili: ziwa ni la magadi, hunywi, huogelei. Sehemu nyingine ni fensi. Mwanzo wa miaka ya 1960 palianza kulindwa kwa sababu ya ndege, mwaka 1968 pakawa mbuga ya taifa, na miaka ya 1980 pakazungushiwa fensi ya umeme ili kifaru awe salama. Mwaka 2011 ziwa likaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Bogoria na Elmenteita.

Sipingi fensi. Bila hiyo fensi tungekuwa tumejenga ploti za ghorofa tano mpaka kwa mguu wa flamingo, na tunajuana. Ninachosema ni kwamba watoto wengi wa Kivumbini na Kaptembwa wanaliona ziwa la tao yao mara moja maishani, kwa trip ya shule, mzazi akipata pesa. Mimi niliingia mara ya kwanza nikiwa darasa la sita. Wengine kwa darasa letu walibaki shule siku hiyo. Tuliokwenda tuliona flamingo. Waliobaki walipiga mopu. Wakati huo huo, maji taka ya tao nzima, yakishapitia mitambo ya kusafishia, yanaelekea ziwani. Hicho ndicho kitu pekee kutoka mtaani kwetu kinachoingia mbugani bila kulipa getini.

Halafu likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipangia. Tangu miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na letu likapanda nayo. Maji yakameza lango kuu la mbuga na ofisi, ikabidi zihamishwe. Yakavuka fensi, yakaingia kwenye mashamba na nyumba za watu upande wa Mwariki. Chumvi ikapungua, samaki wakaongezeka, vijana wakaanza kuvua. Serikali ikaonya kwamba hao samaki si salama kuliwa. Watu wakala, kwa sababu njaa haisomi onyo.

Ona mambo. Kwa miaka hamsini mtu wa chini hakuweza kufika kwa ziwa, mwisho ziwa likamfuata mpaka jikoni. Na Milimani hawakulowa hata kiatu. Ile ramani ya juu na chini bado inafanya kazi, tena mvua ndiyo inaisimamia.

Kusafisha ni kitendo

Kuna watu watasema, haya mambo ya wakoloni yamepita, wewe mtoto wa juzi unatafuta nini. Basi nitataja mawili ya wakati wetu.

Mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, Nakuru ile ya utulivu ilichomeka. Waliofukuzwa makwao walijaa kwenye uwanja wa maonyesho. Ule uwanja ambao tunaenda kuona ng'ombe wakubwa na kula barafu, utamaduni wa maonyesho ya kilimo tuliourithi kutoka kwa masetla, ukawa mji wa mahema. Watu walifukuzwa juu ya ardhi ile ile iliyogawanywa vibaya tangu 1904, na makosa ya karatasi za zamani yakalipwa na majirani maskini kwa majirani maskini.

La pili ni Februari 2019. Watoto na vijana wa mitaani walikusanywa hapa Nakuru usiku, wakapakiwa kwenye gari, wakaenda kutupwa Baringo, karibu na msitu wa Chemususu. Ikawa habari ya nchi nzima na serikali ya kaunti ikalaumiwa. Usiku, gari, msitu, watoto. Karibu miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Desemba 2021, tukapewa hati ya kuwa jiji, la nne Kenya, na tukacheza barabarani.

Mimi pia nilicheza. Lakini sasa nikisikia "mji msafi" najiuliza ni nani ambaye hayupo kwenye hiyo picha. Ufagio ukipita asubuhi, unafagia karatasi. Kaunti ikiamua kwamba mchuuzi wa soksi ni uchafu, huo ufagio umebadilika. Ni Cavendish na ufukwe wake usio na maduka, amerudi amevaa reflekta.

Ustaarabu mwingine upo

Sitaki mbaki mkidhani nachukia urembo. Napenda jacaranda. Nataka watoto wangu, nikijaliwa, wakue kwenye tao yenye miti na barabara safi. Hoja yangu ni kwamba tumekopa maana ya ustaarabu kutoka kwa watu wa juu, na huku chini kulikuwa na maana nyingine muda huo wote.

Bondeni ndiko watu wa makabila yote waliishi ukuta kwa ukuta, msikiti na kanisa, Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani. Huko chini ndiko kuna ukumbi wa ndondi tunaouita Madison Square Garden, bila aibu, kama wa New York. Philip Waruinge, bondia wa hii Nakuru, alitoka na shaba ya Olimpiki Mexico 1968, na pamoja nayo tuzo ya Val Barker, ya bondia bora wa mashindano yote. Munich 1972 akaleta fedha. Nakuru All-Stars walichukua ligi ya kwanza kabisa ya Kenya mwaka 1963, mwaka ule ule wa kikao cha Kenyatta na masetla. Hivi vitu havikutoka klabuni. Vilitoka kwa watu walioambiwa wakae huko chini wasionekane.

Na kama unafikiri kupumzika kwa raha kando ya ziwa kuliletwa na Wazungu, panda matatu ya kuelekea Lanet, ushuke Hyrax Hill. Mary Leakey alianza kuchimba hapo mwaka 1937, akakuta makaburi na makazi ya watu walioishi hapo maelfu ya miaka kabla ya reli. Enzi za kale ziwa lilikuwa kubwa mpaka maji yalifika miguuni pa hicho kilima. Na juu ya mawe kuna vishimo vilivyochongwa kwa safu: ni mbao za bao. Kuna watu walikaa hapo wakapunga upepo, wakacheza, wakabishana nani ameiba kete. Hawakuhitaji kumfukuza mtu ili wafurahie.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayotaka, na ni madogo. Kila mtoto wa shule ya msingi ya Nakuru aingie mbugani bure mara moja kwa mwaka, alione ziwa lake. Mtu wa Mwariki aliyefurikiwa ahesabiwe kama mkaazi wa jiji, asihesabiwe kama takataka iliyoletwa na maji. Hyrax Hill iwe kwenye midomo yetu kama kasri la Egerton lilivyo. Na siku kaunti ikitangaza tena kwamba inasafisha tao, tuulize kwa sauti, kabla ya usiku kuingia: mnaondoa nini, na mnampeleka nani wapi?

Najua wengi mnaosoma hapa mmekulia hii tao. Niambie ulikulia upande gani, juu au chini, na mara yako ya kwanza kulifikia ziwa ulikuwa na miaka mingapi. Kama bado hujawahi, sema pia. Nataka tujihesabu.